Mtawa wa Fundi Edelmiro

Katika maneno yote yaliyowahi kutamkwa mjini Melo, yaliyomchefua zaidi Edelmiro Bentancor yalikuwa haya: "Fundi, gari langu linakula mafuta." Aliyasikia mara tatu au nne kwa wiki, kwa miaka thelathini na moja, na kila msemaji alikuja na uso ule ule wa mtu aliyeibiwa. Hakutokea hata mmoja akasema, "Fundi, mimi nakula mafuta." Thubutu! Mwenye njaa ni gari. Wao wamekaa tu kitini, malaika watupu, na mguu wa kulia wamekuja nao kwa bahati mbaya.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya stesheni ya zamani ya reli, jengo la matofali lenye paa la mabati, na chumba cha uani ambamo mkewe, Nibia, alishona makoti meupe ya wanafunzi na tai zao kubwa za buluu. Edelmiro alikuwa mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa. Gari lilipokata kona ya mtaa alikuwa anafumba macho na kusikiliza, na kabla dereva hajashuka alikuwa keshamhukumu. Huyu kafunga breki dakika ya mwisho. Huyu kakanyaga mafuta kwa nguvu zote ili afike mita kumi mbele afunge breki tena. Huyu hajui kwamba kuna gia ya nne.

Asubuhi moja ya mwezi Machi aliingia Líber Techera. Techera alikuwa mnadi wa ng'ombe, mtu wa kifua kipana na sauti ya kusikika mashamba matatu mbali, na kila siku alikuwa njiani na pikapu yake nyeupe kutoka mnada huu kwenda ule. Aliingia getini kwa kishindo, akasimama ghafla, akateremka akiacha injini inanguruma.

"Fundi! Hili dude limenishinda. Linakula mafuta kuliko fahali anavyokula majani!"

"Zima," alisema Edelmiro.

"Nini?"

"Zima injini kwanza. Unanilalamikia njaa yake huku unalilisha."

Techera alicheka, akazima. "Haya. Nibadilishie plagi."

"Nilikubadilishia Novemba."

"Basi kabureta."

"Kabureta yako ni safi kuliko roho yako."

"Sasa ugonjwa ni nini, fundi?"

Edelmiro aliinama taratibu, kama daktari, akakitazama kiatu cha kulia cha mteja wake. "Ugonjwa ni huu hapa," alisema. "Namba arobaini na nne."

Techera akawa mwekundu hadi shingoni. "Mimi naendesha tangu nina miaka kumi na miwili!"

"Naona. Na umebaki hapo hapo."

Hata hivyo alimweleza, kama alivyowaeleza wote. Kanyaga mafuta polepole, gari si nyumbu wa kupigwa mateke. Tazama mbele, siyo kwenye pua ya gari. Ukiona lori au taa nyekundu, ondoa mguu mapema gari lijiendee lenyewe. Ukitoka tisini ukaenda mia na thelathini, unachofanya ni kupigana na upepo, na upepo haujawahi kushindwa. Jaza tairi upepo. Teremsha yale magunia ya chumvi ya ng'ombe unayoyatembeza nyuma mwezi wa pili sasa, kama unayaonyesha nchi. Techera alimsikiliza vile mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati, kisha akaondoka akapeleka pikapu kwa fundi mwingine ng'ambo ya mji, akauziwa kabureta mpya ya nini sijui, akarudi nyumbani ameridhika kabisa.

Hayo Edelmiro hakuyasoma popote. Alipokuwa na miaka ishirini aliendesha lori la mpunga kutoka mashamba ya Río Branco kwenda kinuni. Tajiri wao alikuwa na mtindo wake: kila safari dereva anapimiwa dizeli ya kutosha na ziada kidogo, na itakayobaki ni yake. Madereva waliona hiyo ni dhihaka, maana kwao haikubaki hata ya kulowesha kitambaa. Walishindana nani atafika wa kwanza kwenye mizani ya kinu. Walipitana kwenye kona, walipigiana honi, walichemsha injini. Wakishafika, walipanga foleni wote pamoja na kungoja kwa saa nne. Saa nne nzima! Edelmiro alifika dakika arobaini baadaye, akasimama nyuma yao kwenye foleni ile ile, akiwa na dumu la dizeli halijaguswa.

Walimwita Bibi Harusi, kwa kuchelewa kwake na kwa kuingia kwake taratibu. "Mpisheni Bibi Harusi jamani, asikanyage gauni!" Kwa miaka saba Bibi Harusi aliuza madumu yake, akanunua matofali, mabati, na jeki kubwa ya kunyanyulia magari. Karakana ile yote ilijengwa kwa dizeli ambayo haikuungua. Na dharau yake ilizaliwa papo hapo kwenye foleni ya kinu. Kwamba walipoteza, angeweza kuwasamehe, watu hupoteza. Lakini walipoteza ili wawahi kungoja.

Melo haikumsaidia kusahau. Petroli ya Brazili ilikuwa na bei ya chini, na mpaka uko Aceguá, kilomita sitini, ambako ukivuka barabara tu umebadilisha nchi. Basi kila Jumamosi ulitoka msafara. Wanaume wazima, wenye wake na shahada, walikwenda mia na thelathini kwa saa kujaza mafuta ya bei nafuu, na wakarudi mia na thelathini kwa saa, madirisha wazi, wakipiga honi kwa furaha. Wakifika nyumbani robo ya ushindi wao imeshatoka kwenye ekzosi.

"Wamekwenda kununua mafuta kwa mafuta," Edelmiro alimwambia mkewe, amesimama mlangoni na kibuyu chake cha mate, ile chai chungu ya majani, mkononi, akiwatazama wanavyopita kama anatazama gwaride la wehu.

Ni Nibia aliyeanzisha yote, na wala hakukusudia. Ilikuwa siku ya mvua mwezi Aprili, na kama kila nyumba ya Melo siku ya mvua, alikuwa anakaanga torta frita, maandazi bapa ya kwao, katika mafuta ya ng'ombe.

"Mzee," alisema, akizigeuza kwa uma, "miaka thelathini umewaambia. Kuna aliyesikia?"

"Mwalimu Olga."

"Yule alijua kabla hujafungua mdomo. Nauliza katika hawa wengine."

Edelmiro alimega torta, akatafuna.

"Unawajua watu vibaya," Nibia aliendelea. "Hawataki kuambiwa, wanataka kuuziwa. Wafungie hata kijiko cha supu chini ya boneti, wape na masharti, uone kama hawatakubusu mikono."

Alisema kwa mzaha, akageuza torta nyingine. Edelmiro aliacha kutafuna.

Siku tatu baadaye kifaa kilikuwa tayari. Kilikuwa bomba la shaba lenye urefu wa shibiri moja, limesuguliwa likang'aa, limezibwa ncha zote mbili kwa vifuniko vya kukaza. Ndani kulikuwa na kipande cha steelwire ya kusugulia sufuria na goroli moja ya chuma aliyoitoa kwenye bearing iliyokufa. Kilifungwa chini ya dashibodi, karibu na goti la dereva, kimelala kwa mshazari kidogo. Mrija mweusi ulitoka humo ukaingia kwenye injini, na huko ndani ulikuwa umezibwa kwa gundi, haufanyi kazi yoyote duniani. Ukiendesha kwa utulivu, goroli ililala. Ukikurupusha gari, au ukifunga breki kama mwendawazimu, goroli ilitoka mbio ikagonga kifuniko: klak!

Masharti aliyaandika kwa mkono wake kwenye kadi. Kifaa ni laini sana. Kisishtuliwe. Kikigonga, ni kwamba kinaungua ndani, na kikigonga mara nyingi kitakufa na hakitengenezeki. Mwendo usizidi tisini. Injini isiachwe inanguruma gari likiwa limesimama. Mzigo usio na kazi uteremshwe. Tairi zikaguliwe kila Jumatatu, kwa sababu kifaa hakipendi tairi laini. Hiyo ya mwisho Edelmiro aliiandika huku akitikisa kichwa. Hakuamini kama kuna mtu mzima angeimeza.

Techera aliimeza kwanza. Alirudi mwanzoni mwa Mei, na kabureta mpya na malalamiko yale yale. Edelmiro hakumwambia habari za kiatu. Alilitoa bomba kwenye kitambaa, akaliweka juu ya meza.

"Hiki ni nini?"

"Kinapunguza ulaji."

Techera alikipima mkononi kama anapima kito. "Hii ni teknolojia ya wapi, fundi?"

Edelmiro alilitazama bomba lake. Alikuwa amelinunua kwenye vyuma chakavu, limetolewa kwenye choo cha uani cha shule iliyobomolewa.

"Ya nje," alisema.

"Nilijua!" Techera alisema. "Vitu vya nje utaviona tu. Nifungie."

Wiki mbili hazijaisha, Techera akarudi. Safari hii aliingia getini polepole, kama mtu anayebeba mayai, akazima injini kabla hajafungua mlango. Tanki lililokuwa likimfikisha Alhamisi sasa lilimfikisha Jumamosi. Alimkumbatia Edelmiro, akamwinua kutoka ardhini.

"Fundi, ni mtawa! Ukikanyaga kidogo tu, klak! Anakukemea. Kama yule mtawa aliyenifundisha darasa la pili, mwenye rula. Nilikuwa namwogopa kuliko baba yangu."

Jina likashika. Techera alimtangaza Mtawa kwenye kila mnada, kati ya ng'ombe na ng'ombe, kwa sauti ile ya mashamba matatu. Mchinja nyama akaja kufungiwa Mtawa. Akaja mwenye duka la dawa, akaja msimamizi wa uwanja wa mpira, wakaja ndugu watatu waliokuwa hawaongei tangu wagombanie shamba la baba yao, kila mmoja kwa wakati wake. Kufikia Juni mji ulikuwa na watawa arobaini na kitu. Barabara ya Aceguá siku za Jumamosi ilikuwa kama msiba, magari yanafuatana kwa adabu, themanini, themanini na tano. Jumatatu asubuhi kulikuwa na foleni ya kujaza tairi upepo.

Mtu angedhani Edelmiro alifurahi. Wapi! Kila shukrani ilimwingia kama mchanga kwenye meno. Aliyoyasema bure kwa miaka thelathini walikuwa wanayafanya yote, moja moja, kwa heshima ya bomba la choo. Walimpiga begani, wakamwambia yeye ni bingwa, na yeye aliwatazama akafikiri: punda angalau hakupelekwa shule.

Aliyemvuruga alikuwa Mwalimu Olga Silveira. Mwalimu Olga alifundisha shule ya shambani yenye wanafunzi tisa, kilomita thelathini na nane za vumbi kila asubuhi, na kigari chake kidogo cha zamani kilikwenda na mafuta ambayo wengine waliyamaliza wakitafuta maegesho. Mwaka hadi mwaka Edelmiro hakumbadilishia breki, maana Mwalimu hakuzigusa. Alikuwa mteja pekee ambaye fundi alimwoshea kioo bila kuombwa. Siku moja alikuja na gurudumu linalolia.

"Fundi, mji mzima una Mtawa ila mimi. Nimekukosea nini?"

"Wewe humhitaji, Mwalimu."

Mwalimu alichukua bomba moja mezani. Aliliinamisha kulia, akasikiliza. Klak. Akaliinamisha kushoto. Klak. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikakatika.

"Ni goroli."

Edelmiro alijishughulisha na nati.

"Mimi pia nafanya hivi darasani," Mwalimu Olga alisema. "Nimewaambia wanangu kengele iliyo mezani kwangu inawasikia wanaonong'ona. Lakini wanangu wana miaka sita."

"Na hawa pia."

"Hawa sijui. Ninachojua ni kwamba mwaka jana alipita hapa kijana anauza sumaku za kufunga kwenye mrija wa petroli, ukamfukuza na spana hadi stesheni. Ulimwita tapeli. Mtaa mzima tulisikia."

"Sumaku zake hazikufanya kazi."

"Na hii inafanya kazi kwa sababu gani?"

Edelmiro alilirudisha bomba mezani. Alifunga gurudumu, na Mwalimu Olga alipoondoka, gari lilitoka getini bila kelele, na masikio yake makubwa hayakupata cha kulaumu.

Mambo yaliharibika Julai. Ulikuwa msimu wa minada mikubwa na Techera alikuwa anachelewa kila mahali. Wiki ya kwanza alikanyaga mafuta mara moja moja, Mtawa akamkemea, akamwomba radhi kwa sauti. Wiki ya pili akawa anawasha redio asimsikie. Wiki ya tatu tanki lilikuwa limerudi Alhamisi, na Techera akaamua Mtawa ni mbovu. Ijumaa jioni alimfungua, akaenda naye klabuni ambako wenzake walikuwa wanacheza karata, akaazima msumeno wa chuma na kumkata katikati mbele ya watu thelathini ili aone kilichoungua.

Steelwire ilidondoka mezani. Goroli ikaruka, ikabingirika sakafuni, ikapotelea chini ya meza ya biliadi. Mwenye klabu alipiga magoti akaitafuta, akainuka nayo kati ya vidole viwili. Kisha mtu mmoja asiye na gari akaanza kucheka, na hapo wakakasirika kweli.

Kesho yake asubuhi magari kumi na tisa yalisimama nje ya karakana, injini zote zinanguruma.

"Tapeli!" alipiga kelele mchinja nyama. "Goroli! Umetufungia goroli!"

"Zimeni injini," alisema Edelmiro.

"Hatuzimi! Umetufanya wajinga!"

"Hapo mnanisifia kazi ambayo si yangu." Aliweka kibuyu chake cha chai chini, akatoka hadi katikati ya barabara, akawa amewapita wote kwa urefu. "Nijibuni swali moja. Mlipokuwa mnamwogopa Mtawa, mlitumia mafuta kidogo, ndiyo au siyo?"

Wakatazamana.

"Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," alisema mwenye duka la dawa, "lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini hakikuwa na kitu ndani!"

"Kwani wewe una nini ndani? Goroli ile ina akili kukushinda. Yenyewe ikisukumwa inasema. Wewe nimekusukuma miaka thelathini, hata klak sijaisikia." Akawageukia wote. "Mafuta mliyobakiza mliyabakiza nyinyi. Kwa miguu yenu. Nendeni zenu mkaendelee. Au vueni niwarudishie kila mtu chake. Chagueni."

Katika watu kumi na tisa, wangapi walichagua kuendelea? Hata mmoja. Walipanga foleni, kila mmoja akavuliwa Mtawa wake na kurudishiwa pesa zake, na muda wote huo, zaidi ya saa nzima, hakuna aliyezima injini. Techera alikuwa wa mwisho. Yeye hakuwa na cha kuvuliwa. Alikuja na vile vipande viwili kwenye mfuko wa plastiki, akavitupa miguuni pa Edelmiro bila kumtazama. Kisha wakaondoka, na kila mmoja alikanyaga mafuta kumshinda aliyemtangulia, kama watoto waliotoka shuleni. Moshi ulikaa mtaani hadi adhuhuri. Nibia alilazimika kuzianua shuka zake na kuzifua upya.

Majira ya baridi yaliyobaki hayakuwa na wateja. Trekta mbili tatu, na kigari cha Mwalimu Olga, hayo tu. Nibia ndiye aliyelisha nyumba kwa cherehani yake, na Edelmiro alikaa mlangoni akisikiliza mji unavyonguruma, akijisemea kimoyomoyo hotuba ambazo hakuna mtu angekuja kuzisikia. Kila hotuba ilikuwa kali kuliko iliyotangulia. Alikuwa na hakika kwamba ipo tofauti kubwa kati yake na wao, na hakika hiyo ilimpa joto.

Jumapili moja ya Agosti walikwenda kwa dada yake Nibia huko Fraile Muerto, na baada ya chakula Nibia akashikwa na tumbo. Mwanzo alisema ni mafuta ya nyama. Nusu saa baadaye alikuwa amejikunja, jasho linamtoka, na shemeji yake akasema hii ni hospitali, hapa hapafai. Edelmiro alimlaza kiti cha nyuma, akaelekea Melo.

Akaenda sabini na tano, mwendo wake wa siku zote. Hakuuchagua, mguu uliuchagua. Aliona kilima, akaondoa mafuta kabla ya kufika kileleni. Aliona lori mbali, akaacha gari lijiendee.

"Edelmiro," alisema Nibia kutoka nyuma, meno yamekazana.

"Tunafika, mama."

"Edelmiro. Ukifika na tanki limejaa na maiti nyuma, utamwonyesha nani?"

Akakanyaga. Gari lake, ambalo halikuwahi kusikia kitu kama hicho kwa miaka kumi na tisa, lilitetemeka, likapiga ukelele, likatoka. Mia. Mia na kumi na tano. Alipita lori kwenye mteremko, akapita na lingine lililokuwa mbele yake, upepo ukivuma madirishani na injini ikiimba chini ya miguu yake. Na katikati ya hofu yote ile, huku mkewe anaugulia nyuma, Edelmiro Bentancor alihisi kitu kikimpanda kutoka kwenye unyayo hadi kifuani, kitamu, cha kipumbavu, na akakijua mara moja. Kwamba barabara ni yako. Kwamba wote wakupishe.

Ilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa karibu kupasuka. Walimpasua Nibia jioni ile ile, akapona. Daktari alimwambia Edelmiro kwamba amewahi vizuri. Edelmiro aliitikia kwa kichwa, akatoka nje, akatazama mshale wa mafuta, akasimama pale muda mrefu kwa aibu. Kwa kuwahi hakuona aibu. Aliona aibu kwa ule utamu.

Siku za kwanza za Septemba, saa ya usingizi wa mchana, wakati Melo yote imefunga madirisha na hakuna hata mbwa barabarani, pikapu nyeupe iliingia karakanani. Techera alishuka, akafunga mlango kwa uangalifu.

"Nifungie tena," alisema.

"Unakijua kilichomo."

"Najua. Si nilikikata mwenyewe?"

"Sasa unataka cha nini?"

Techera, aliyeuza ng'ombe kwa sauti maisha yake yote, alinong'ona. "Nimejaribu bila hicho, fundi. Natoka nyumbani nimejiapiza. Nikifika darajani nimeshasahau. Naona gari mbele yangu, basi naona kama limenitukana."

Hotuba zote za majira ya baridi zilikuwa tayari mdomoni, zimenolewa, na mwenye kustahili kuzisikia amesimama mbele yake kofia mkononi. Edelmiro alimtazama. Alimdharau, ndiyo, sawasawa na zamani. Mwanamume wa miaka hamsini anayehitaji mlio wa goroli kuukumbuka mguu wake mwenyewe. Ila safari hii alipomtazama aliona na mteremko ule wa Fraile Muerto, na hotuba zikawa hazina ladha.

"Shika tochi," alisema, akaingia chini ya dashibodi.

Alikuwa hajamaliza kukaza skrubu ya mwisho aliposikia gari jingine likikata kona, na masikio yake yakamjua mwenye gari mara moja. Mchinja nyama aliingia, akamwona Techera, akakauka. Techera akazima tochi.

"Nimefuata taa," alisema mchinja nyama haraka. "Taa ya mbele. Ya kushoto."

"Hata mimi," alisema Techera. "Ya kulia."

Edelmiro alitoka chini ya dashibodi, akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Taa za mchinja nyama zilikuwa zinawaka zote mbili, mchana kweupe, na injini yake inanguruma. Alikwenda kabatini, akapuliza vumbi kwenye maboksi mawili, na akawauzia taa.